Kofi Moja kwenye Buti

Mvua ilikuwa imekatika punde, na maegesho yote yaling'aa kama sahani iliyotoka kuoshwa. Ndani ya gari jeupe lililokuwa karibu na ukuta wa kliniki alikaa dada mmoja, mikono yote miwili juu ya usukani, injini inanguruma, gia iko kwenye rivasi, na haendi popote. Mlinzi wa geti alikuwa amemtupia jicho mara kadhaa, mwishowe akaamua kwamba labda anasali.

Hakuwa anasali. Alikuwa anasubiri, na ubaya ni kwamba mwenyewe hakujua kama anasubiri.

Nyumbani kwao walimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyefunga uzazi wa mama yake, na jina hilo likamganda hadi utu uzima. Kazini alikuwa mtaalamu wa tiba ya viungo, mwenye koti jeupe na wagonjwa waliomwita Dokta ingawa kila siku aliwakataza. Nyumbani hapakuwa na Dokta. Palikuwa na Kitinda, wa kubebwa, wa kukingiwa kifua. Utotoni akivunja kikombe, Kaka alisema amevunja yeye. Akifeli hesabu, Mama alimlaumu mwalimu. Hata alipovunja uchumba na kijana mmoja mpole asiyekuwa na kosa, kwa sababu tu moyo ulimkataa, nyumba nzima ilisambaza habari kwamba kijana ndiye aliyekuwa na mambo yake. Kitinda alinyamaza. Kijana akahama mtaa akiwa na jina bovu ambalo halikuwa lake, na jambo hilo lilimkwama Kitinda kooni kama mwiba wa samaki mpaka leo.

Sasa turudi kwenye rivasi. Marehemu baba yao alikuwa na mtindo wake wa kumwelekeza mtu anayerudisha gari nyuma. Hakupiga kelele wala hakupunga mikono. Alisimama nyuma ya gari na kulipiga buti kwa kiganja. Kofi moja, rudi. Makofi mawili, simama. Kaka aliurithi mtindo huo pamoja na gari lenyewe, na alipomfundisha mdogo wake kuendesha alimfundisha hivyo hivyo. Kwa hiyo Kitinda alijua kwenda mbele kama dereva mwingine yeyote, ila kurudi nyuma alirudi kwa masikio. Vioo vya pembeni kwake vilikuwa mapambo tu, mfano wa hereni.

Na leo ndiyo ilikuwa siku yake ya kwanza kutoka peke yake. Alikuwa ameibembeleza siku hii kwa muda mrefu. Mpaka jana Kaka ndiye aliyempeleka kwa kila mgonjwa, akamsubiri nje, akapiga honi akichelewa, na jioni akamuuliza yule aliyekufungulia mlango ni nani. Hatimaye Kaka alikubali, kwa sharti moja. Gari likirudi lilivyo, ni lake la kazini na hakuna atakayemuuliza anakwenda wapi. Likirudi na hata mkwaruzo, funguo zinarudi kwake na wataendelea na utaratibu wa zamani. Alilisema kwa upole, na Kitinda alijua kwamba Kaka akisema jambo kwa upole basi limekwisha.

Ndiyo maana alikuwa amekaa pale na injini inawaka. Mgonjwa wake, bibi mmoja aliyekuwa anajifunza upya kutembea baada ya kuanguka, alikuwa anamsubiri mitaa michache kutoka pale. Mguu ulikuwa kwenye klachi. Nyuma ya gari hapakuwa na mtu.

Ila nyuma yake hasa, mgongo kwa mgongo, lilisimama gari dogo la mizigo lenye maandishi ya karakana ya vioo. Lilikuwa limetokeza nje ya mstari mweupe, maana mzigo wake ulikuwa mrefu na milango isingefunguka vinginevyo. Fundi mmoja alikuwa ametoka kukaza kamba ndani yake. Alifunga milango, akahakikisha komeo, kisha akalipiga gari kofi moja, jinsi mtu anavyompongeza punda aliyebeba bila kulalamika.

Pa.

Moyo wa Kitinda ukatulia tuli. Pumzi aliyokuwa ameishikilia ikatoka. Akaachia klachi kwa roho nyeupe na gari likarudi nyuma.

Kishindo chenyewe hakikuwa kikubwa. Kilisikika kama sufuria iliyoanguka jikoni kwa jirani. Kisha buti lake likapigwa kwa haraka, pa, pa, na Kitinda, mtiifu kama alivyolelewa, akakanyaga breki akasimama.

Alisogeza gari mbele hatua chache, akavuta breki ya mkono, akashuka. Kati ya magari mawili alisimama mwanamume mrefu, mikono ya shati la kazi imekunjwa, bega la kushoto limepanda kidogo juu ya lile la kulia. Kitinda aliliona bega kabla hajauona uso. Huo ni ugonjwa wa kazi yake. Wengine huanza na viatu, yeye huanza na mabega, na hili lilimwambia kwamba mwenyewe amebeba vitu vizito upande mmoja kwa miaka mingi. Kisha akainua macho, akauona uso, na kwa muda akasahau ameshukia nini.

"Dada, umeumia?" Fundi aliuliza.

Alitikisa kichwa. Naye akamuuliza kama ameumia, akajibiwa kwamba aliwahi kuruka pembeni. Wakainama pamoja kutazama hasara. Taa ya nyuma ya gari jeupe ilikuwa imepasuka, vipande vyekundu vimetawanyika juu ya maji ya mvua. Bampa la gari la vioo lilikuwa limebonyea upande mmoja, kama shavu la mtu anayetafuna. Mtu wa tatu angeyaona mambo hayo ni madogo. Kitinda aliyaona akahisi funguo zinamtoka mkononi.

"Nisamehe," alisema. "Nilisikia umepiga."

"Nimepiga nini?"

"Kofi. Ulipiga kofi moja."

Ikabidi amweleze. Alieleza habari ya baba, ya Kaka, ya kofi moja na makofi mawili, na kadiri alivyoeleza ndivyo masikio yake mwenyewe yalivyomwambia kwamba habari hiyo haina kichwa wala miguu. Fundi alisikiliza mpaka mwisho. Hakucheka, ingawa pembe ya mdomo wake ilikuwa na kazi kubwa ya kujizuia.

"Na nilipopiga mawili ukasimama," alisema polepole.

"Mawili ni simama."

"Kwa hiyo nilikuwa nazungumza na wewe kabla hatujajuana."

Kitinda alikuwa amezoea kuambiwa maneno matamu na wanaume wanaojua kwamba ni matamu. Huyu alilisema kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa mbele yake, halafu akaona haya, akaangalia chini kwenye vipande vya taa.

Wakaanza kubishana. Ungewaona kwa mbali ungedhani wanagombea zawadi. Fundi alisema kosa ni lake, kwa kuwa yeye ndiye aliyetoa amri na mwenzake akaitii. Kitinda akasema mtu hawezi kutoa amri kwa lugha asiyoijua. Fundi akamwonyesha mstari mweupe na jinsi gari la vioo lilivyouvuka. Mlinzi mwenyewe alikwisha mkanya asubuhi, na sasa mlinzi huyo alikuwa amesimama getini akitikisa kichwa kuthibitisha. Kitinda akasema hata lingesimama nje ya mstari mchana kutwa, mwenye macho angeliona. Yeye ana macho na hakuangalia. Kila mmoja alilivuta kosa upande wake, na katikati ya kuvutana huko sauti zao zikawa zinapungua bila wao kujua, hadi wakawa wanaongea kama watu walioketi kwenye benchi moja.

Ghafla Fundi akakumbuka kitu.

"Kioo," alisema.

Alifungua milango ya gari, akapanda, akalegeza kamba na kulivuta blanketi lililofunika mzigo. Kitinda alisogea mlangoni akiwa ameshika kifua. Kilikuwa kioo cha saluni, kirefu kupita mtu, kimesimamishwa ndani kikitazama nje. Hakikuwa na ufa. Fundi alikipitishia kiganja juu hadi chini, taratibu, akitafuta kwa vidole kile ambacho macho hayakioni, kisha akashuka na kusimama kando ya Kitinda akihema.

Ndipo wakajiona. Ndani ya kioo kulikuwa na anga iliyooshwa, ukuta wa kliniki, gari jeupe lenye jicho moja bovu, na mbele ya vyote hivyo mwanamke na mwanamume waliosimama karibu kuliko walivyodhani. Kitinda alimwona Fundi akimtazama kupitia kioo. Fundi alijua kwamba ameonwa, na hakuondoa macho. Ingekuwa ana kwa ana, mmoja wao angeinama. Kupitia kioo ilikuwa rahisi, kama ndoto ambayo mtu anajua ni ndoto na bado haamki. Kitinda aliona tone la maji likiteremka kutoka kwenye nywele zake mwenyewe na hakulifuta. Damu ilimsisimka kuanzia nyuma ya shingo. Alipenda. Afadhali tuliseme wazi kuliko kulizunguka, alipenda palepale, maegeshoni, gari lake likiwa limetoka kukumbatiana na la mwenzake.

"Nikiweka kioo kwa mtu, huwa nasogea pembeni," Fundi alisema kwa sauti ya chini. "Mtu akijiangalia mara ya kwanza hapaswi kuona sura ya fundi. Kila siku natoka ndani ya vioo vya watu."

"Leo hujatoka."

"Leo nimesahau."

Alimweleza mengine kwa vipande vipande. Karakana ilikuwa ya mjomba wake. Miaka yote alikuwa kwenye meza ya kukatia, na gari alikabidhiwa juzi juzi tu, kwa majaribio, huku mkwe wa mjomba akilimezea mate. Mjomba alikwisha sema kwamba atakayeligusisha na kitu atarudi mezani siku hiyo hiyo. Kitinda akauliza kama meza ni mbaya. Fundi alifikiri kwanza. Alisema si mbaya, ila mezani huoni sura ya mtu, unaona vipande tu.

Kitinda naye akamweleza habari ya funguo. Alieleza kwa maneno machache, akitazama taa iliyopasuka. Fundi alimsikiliza mpaka akamaliza.

"Basi sema mimi ndiye niliyerudi nyuma," alisema. "Nilirudi bila kuangalia, wewe umesimama zako. Mimi mezani nimepazoea. Wewe ndiyo kwanza unatoka nje."

"Huo ni uongo."

"Ni uongo mdogo. Utakwenda nao popote, haulemei."

Tusidanganyane, Kitinda alishawishika. Uongo huo ulikuwa mlaini na mlango ulikuwa wazi. Angeondoka na funguo zake, angemfikia bibi wa watu, kesho angetoka tena peke yake na keshokutwa vilevile, na hakuna ambaye angemuuliza aliyekufungulia mlango ni nani. Na mwenye kuulipia uongo huo alikuwa amesimama mbele yake akitabasamu kwa hiari yake. Alifungua mdomo bila kujua atakachosema, na kabla hakijatoka akasikia sauti aliyoijua tangu tumboni.

"Mwanangu jamani. Mwanangu kaumizwa."

Mama alikuwa anakuja mbio mbio kutoka getini, chupa ya chai imebanwa kwapani. Nyuma yake alifuata Kaka, viatu vya ndani miguuni, uso umekunjamana. Kitinda aliwatazama wote wawili, akatazama ng'ambo ya barabara, akaliona gari lingine la Kaka limeegeshwa chini ya kibao cha duka la dawa. Hakuhitaji kuuliza mmefikaje haraka hivi. Chupa ya chai ilijibu. Walikuwa wamemfuata tangu asubuhi, kutoka nyumbani hadi hapa, wakinywa chai.

Mama alimgusa mikono, mabega, kichwa, akihesabu kama viungo vyote vipo. Kisha akamgeukia Fundi na kumpima kwa macho kutoka juu mpaka chini, na shati la kazi halikumsaidia.

"Nimeona kwa macho yangu mawili," Mama alitamka, kwa macho makavu kabisa. "Mtoto amesimama zake, hana hili wala lile. Wewe ukaja kinyumenyume kama umetumwa."

Sasa, kutoka pale kwenye duka la dawa mtu angeona ukuta wa kliniki na paa la gari la vioo, basi. Mama hakuwa ameona kitu. Lakini Mama hakuwa na tabia ya kuona kwanza ndipo amtetee mwanawe.

Kaka alimuuliza Fundi kama anayosema Mama ni kweli. Fundi alimtupia Kitinda jicho la haraka, jicho lililosema usiwe na wasiwasi.

"Mama amesema kweli," alijibu. "Sikuangalia."

Kaka akatoa simu. Alitaka namba ya mwenye gari, hapo hapo, azungumze naye ajue anamkabidhi nani mali yake. Watu kama hawa, alisema, ndio wanaoua watu barabarani. Fundi alianza kumtajia namba, moja moja, kwa adabu, kama mtu anayejihesabia njia ya kurudi mezani. Mama alikuwa ameanza kufungua chupa ya chai ili mtoto anywe apoe moyo. Kila kitu kilikuwa kinakwenda vizuri. Watu watatu wenye mapenzi naye, wawili wa zamani na mmoja wa muda si mrefu, walikuwa wamekubaliana bila kikao kumdanganyia, na kilichotakiwa kwake ni kile alichokifanya maisha yake yote, kunyamaza na kupokea kikombe.

Akamkumbuka yule kijana aliyehama mtaa. Alikuwa ameondoka hivi hivi, kwa adabu, bila kujitetea.

"Kaka, weka simu," alisema.

Kaka hakusikia, au alisikia akadhani ni woga.

"Kaka. Weka simu chini." Sauti ilimtoka nzito kuliko alivyotarajia. "Mama, hukuona. Mlikuwa kule ng'ambo mnakunywa chai. Yeye gari lake lilikuwa limezimwa, na mwenyewe alikuwa amesimama nje. Mimi ndiye niliyerudi nyuma. Mimi ndiye niliyegonga."

Mama alibaki na kifuniko cha chupa mkononi. Mlinzi, ambaye alikuwa amesogea hatua kwa hatua mpaka akawa sehemu ya mazungumzo, alikohoa akatazama juu. Kaka alimtazama mdogo wake kama mtu aliyeamka akakuta samani za chumbani zimehamishwa.

"Wewe huwezi kurudi nyuma bila kuambiwa," Kaka alisema hatimaye. "Nani alikuambia urudi?"

"Nilisikia kofi. Fundi alikuwa anafunga mlango wake, akapiga kofi moja. Nikadhani ni wewe."

Kaka aliufahamu ukweli huo polepole, na ulipomfika ulimfika pabaya. Mabega yake yakashuka. Mkono wenye simu ukaning'inia. Ukali wote ulimtoka, akabaki yule kaka aliyewahi kumbeba mgongoni akimvusha madimbwi.

"Basi kosa ni langu," alisema kwa sauti iliyokatika. "Mimi ndiye niliyekufundisha vibaya. Nisingekuzoesha makofi, ungetumia vioo. Usijilaumu, Kitinda. Kosa ni langu mimi."

"Ni langu," Fundi alisema papo hapo. "Gari lilikuwa nje ya mstari."

"Ni langu mimi niliyekuruhusu kutoka na mvua," Mama aliongeza, na machozi yalikuwa yameanza.

Kitinda aliwatazama mmoja mmoja. Alitaka kucheka na alitaka kulia. Walimpenda, Mungu awape kheri, walimpenda mpaka hawakumwachia chake cha kushika.

"Hapana," alisema. "Hili kosa niachieni. Kikombe mlinichukulia, hesabu mlinichukulia, na yule kijana wa watu tulimchafulia jina nikakaa kimya. Hili ni langu. Nilikuwa na macho na sikuangalia. Niachieni hili moja."

Alirudi kwenye gari jeupe, akazima injini, akazichomoa funguo. Kwa kitambo kidogo alizifumbata. Zilikuwa bado zina joto la kiganja chake. Akamwendea Kaka, akazitia mkononi mwake na kuvifunga vidole vya kaka yake juu ya funguo hizo. Hakusema neno la lawama, kwa maana sharti alilijua na alilikubali. Kaka alitaka kuzirudisha. Kitinda alizuia mkono wake, akamwambia makubaliano ni makubaliano, na kwamba siku atakapojua kutumia vioo atakuja kuziomba tena.

Kisha akamgeukia Fundi, akamwomba namba ya mjomba. Fundi alikataa. Alimwambia kwa upole kwamba hilo halikuwa lazima, kwamba mjomba ni mkali, kwamba yeye atajua la kumwambia. Kitinda alinyoosha mkono na kungoja. Akapewa simu yenyewe, tayari inaita.

Mjomba alipokea kwa sauti ya mtu aliyezoea kupiga kelele juu ya mashine. Kitinda alimwambia kwamba gari lake limegongwa likiwa limesimama, kwamba mpwa wake hana kosa, na kwamba kioo cha wateja ni kizima. Mjomba akauliza, na wewe ni nani?

Swali dogo. Maisha yake yote alilijibu kwa kutaja watu wengine. Ni mdogo wake fulani, ni binti wa fulani. Mama na Kaka walikuwa wanamtazama. Fundi alikuwa anamtazama, na safari hii hapakuwa na kioo katikati.

"Mimi ndiye dereva," alisema.

Mjomba aliguna. Alisema basi dereva aende karakanani kesho amweleze ana kwa ana ilivyokuwa, maana yeye habari za simu haziamini. Na huyo mpwa aambiwe aache kusimama simama, kioo cha watu kinasubiriwa. Akakata simu. Hakusema neno juu ya meza, na kwa jinsi Fundi alivyovuta pumzi, Kitinda alielewa kwamba kutokusema huko ndiko kulikokuwa msamaha wa mjomba.

Alichukua mkoba wake wa kazi kutoka kiti cha nyuma, akauvaa begani. Mama akauliza atamfikiaje mgonjwa, na Kitinda akamjibu kwamba atafika kwa miguu, si mbali. Mama akageuka kumtafuta Kaka, ili wamsindikize. Kaka alikuwa amesimama palepale, funguo zimemkaa mkononi kama kitu cha mtu mwingine.

"Mwache, Mama," alisema. "Mwache aende."

Fundi alikuwa anafunga milango ya gari lake. Alipomaliza alisogea hatua chache, akasimama mbali kidogo, kwa heshima ya mama wa watu. Alimwambia Kitinda kwamba kesho angeweza kumpitia ampeleke karakanani, kama hatajali kupanda gari la vioo. Kitinda alimwambia hatajali. Akamtajia nyumba yao ilipo, mbele ya Mama, mbele ya Kaka, kwa sauti ya kawaida, na akasema aje mlango wa mbele na abishe hodi.

Fundi alimtazama Mama, aliyekuwa amekumbatia chupa ya chai kama ngao. Akamgeukia tena Kitinda.

"Nikiulizwa nimekuja kwa nani, nijibu nini?"

"Sema umekuja kwa yule aliyegonga gari lako."

Akaanza kutembea. Alipita kwa mlinzi, aliyemfungulia geti lote kana kwamba ni gari linalotoka. Lami ilikuwa bado imelowa na hewa ilinukia mvua. Mgonjwa wake alikuwa anamsubiri. Alifika ukingoni mwa barabara, akasimama. Akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akaangalia tena kulia, kisha akavuka.